Mguu wa Bi Sifuri

Wiki ile ya heli ya mwisho, Bi Sifuri alikuwa akishuka ngazi za maabara mbilimbili huku akiimba kwa sauti ambayo Mungu hakumpa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa pia na shahada tatu, talaka moja ya miaka kumi na miwili iliyopita, na mama mzazi aliyeishi naye na kumsahihisha. Mtu wa namna hiyo hutarajiwa kushuka ngazi taratibu, kwa kushika reli. Lakini kidude chake kilikuwa kimeanza kupoa, na tangu hapo hakujiweza.

Jina la Bi Sifuri alibandikwa na wanafunzi, naye akalipenda kuliko lile la kwenye vyeti. Sifuri yenyewe si ile ya maji kuganda. Hiyo kwake ilikuwa joto la kuvulia koti. Yeye aliifukuza sifuri ya chini kabisa, ile ambayo ikifikiwa hakuna kitu kitakachoweza kupoa zaidi, na ambayo hakuna aliyewahi kuifikia wala atakayeifikia. Mama yake alipoelezwa hivyo kwa mara ya kwanza aliuliza kama watu hulipwa mshahara kwa kazi isiyokwisha. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi sawa.

Maabara ilikuwa chini ya ardhi, chumba kimoja kisicho na dirisha, chenye shimo katikati. Juu ya shimo palitandazwa jukwaa la chuma, na kwenye jukwaa hilo lilining'inia jokofu refu kuliko mtu, lenye mabomba, pampu na tabia ya kukoroma. Wote waliliita Bi Mkubwa, maana halikuvumilia kuharakishwa, na likinuna lilinuna wiki nzima. Bi Mkubwa alikunywa heli, gesi nyepesi iliyopozwa ikawa majimaji, na kwa kinywaji hicho aliweza kushuka mpaka alama ya mia tatu kwenye mita, yaani sehemu tatu za kumi za nyuzi moja juu ya sifuri ile ya mwisho. Hapo nguvu zake zilikoma, na kutoka hapo kwenda chini kazi ilikuwa ya kidude.

Kidude kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na Bi Sifuri alikuwa amekichora, akakifuta na kukichora tena kwa miaka saba. Umeme tunaoujua hupasha moto: pasi, jiko, hata balbu ukiigusa. Yeye alitaka umeme upoze. Watu wengi walipoelezwa namna gani walitikisa kichwa kwa adabu. Aliyeelewa upesi kuliko wote ni Fundi Shaba, mkereza vyuma wa karakana iliyo ng'ambo ya korido, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mikono isiyotetemeka hata akishika waya mwembamba kama unywele. Siku moja alisimama mlangoni akauliza, naye akamweleza.

Ndani ya kidude kuna uzi wa shaba, alisema, na ndani ya uzi huo elektroni wamejaa kama watu ukumbini. Wengine wametulia, wengine wanarukaruka. Pande zote mbili za uzi kuna alumini, ambayo kwenye baridi kali kama hiyo hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Lakini alumini hiyo ina kizingiti kirefu mlangoni. Elektroni aliyetulia hawezi kukiruka. Anayerukaruka anaweza. Ukiwasukuma kwa volti za kutosha tu, bila kuzidisha, wale wenye joto wanaruka kizingiti na kutoka, na uzi unapoa. Ukizidisha volti hata kidogo, wanatoka wote kwa vurugu na joto linarudi.

Fundi Shaba aliwaza kidogo. "Kwa hiyo unawatoa wenye fujo."

"Wenye fujo tu."

"Na waliobaki wanatulia."

"Hakuna tena wa kuwachokoza," alisema Bi Sifuri.

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema, akarudi karakana. Kesho yake alileta pete ndogo ya shaba, ya kuweka chini ya skrubu, akasema huenda Bi Mkubwa ataihitaji. Keshokutwa akaleta nyingine. Tangu siku hiyo, kila ilipogonga saa nne asubuhi, Fundi Shaba alitokea mlangoni na pete ya shaba iliyong'arishwa mpaka ikawa kioo. Bi Sifuri alimshukuru, akaitia kwenye kopo. Kopo lilikuwa na pete thelathini na nane, na huyu mwanamke mwenye shahada tatu alikuwa bado hajajiuliza swali lolote.

Sasa sikiliza lililokuwa mezani. Mkuu wa idara, mtu mwema lakini mwenye vyumba vichache kuliko mahitaji, alikuwa ametamka mwezi uliopita kwamba heli nyingine haitaletwa. Iliyobaki ingetosha mpaka Alhamisi mchana. Kama kabla ya hapo Bi Sifuri angemwonyesha kidude kikikaa chini ya alama mia moja kwa saa nzima, mashine ingebaki na kazi ingeendelea. Kama hapana, Jumatatu ifuatayo Bi Mkubwa angekatwakatwa, na chumba kingewekwa kompyuta. Ushahidi ungekuwa karatasi. Kulikuwa na mashine ya zamani yenye kalamu, iliyochora joto la kidude kwenye karatasi ndefu inayojikunja: likipanda, mstari unapanda, likishuka, unashuka. Saa moja ya mstari wa chini, basi. Miaka saba yote ilikuwa imefika hapo.

Jumatatu asubuhi kidude kilishuka vizuri ajabu. Mia mbili, mia moja na sitini, mia moja na ishirini. Bi Sifuri alikaa kwenye kiti chake juu ya jukwaa, vidole kwenye kizungushio cha volti. Mia moja na tano. Mlango ukagongwa, Fundi Shaba akaingia na pete ya thelathini na tisa, na kalamu ikaruka juu kama iliyotekenywa. Mia mbili na kumi.

Alipoondoka, ikashuka. Alipopita tena koridoni akakohoa, ikapanda.

Bi Sifuri hakuwa mtu wa kulaumu ovyo. Alijua kwamba kitu chenye baridi kiasi kile huhisi kila kitu: mawimbi ya simu, sumaku, vishindo vya miguu, hata waya ukisuguana na waya mwenzake. Jumatatu mchana akamwomba Fundi aache simu yake karakana. Fundi akaiacha. Jumanne saa nne akaingia bila simu, kalamu ikaruka mpaka mia mbili na ishirini. Akaombwa atoe funguo. Akatoa funguo, kalamu ikabaki juu. Saa ya mkononi je? Akatoa. Mkanda wake ulikuwa na bizimu la chuma, akavua mkanda. Viatu vilikuwa na misumari, akavua viatu. Mwishowe Fundi Shaba alikuwa amesimama katikati ya maabara pekupeku, mkono mmoja umeshika suruali isimwanguke, mkono mwingine umeshika pete, na uso wake ni wa mtu anayetaka sana kusaidia.

Bi Sifuri alimtazama. Kalamu ikapanda mpaka mia mbili na themanini, mahali ambapo haikuwahi kufika wiki nzima.

Hapo akafanya jambo alilokuja kulijutia. Alibandika karatasi mlangoni, kwa herufi kubwa, kwamba Fundi Shaba haruhusiwi kuingia wakati wa kupima. Fundi aliisoma yote, pamoja na tarehe, akaokota viatu vyake akaenda zake.

Jumatano hakuingia. Bi Sifuri alianza kazi mapema, na kidude kilishuka kwa utiifu mpaka mia moja na mbili. Alikuwa anahesabu pumzi zake. Saa nne kamili kikasikika kisauti chepesi sakafuni: chini ya mlango ilipenya pete ya shaba, ikabingirika, ikazunguka mara tatu, ikalala. Mlango haukufunguka. Nyayo za Fundi zilirudi taratibu karakana. Na kalamu, ambayo haikuwa na haki yoyote ya kufanya hivyo, ikapanda mpaka mia mbili na arobaini.

Bi Sifuri alishika tama. Mtu yuko nje ya mlango wa chuma, hana simu, hana sumaku, anarudi zake, bado anapasha moto kidude. Katika fizikia yote aliyosoma hapakuwa na kitu cha namna hiyo.

Jioni nyumbani alimsimulia mama yake. Mama huyu alikuwa muuguzi mstaafu, ameshika mishipa ya watu kwa miaka thelathini na sita, na hakuna aliyemdanganya kuhusu homa. Walikaa kwenye ile meza yao ndogo ya jikoni, vikombe viwili vya chai mbele yao. Bi Sifuri alisema kwa nusu saa bila kupumua: Fundi Shaba hivi, Fundi Shaba vile, mkanda wa Fundi Shaba, pete za Fundi Shaba, namna Fundi Shaba anavyosoma tangazo mpaka tarehe. Mama hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama chai.

Alipomaliza, mama akainua kidole. "Tulia hapo. Usiguse kikombe." Kisha akasema, kama anayesoma majina ya wagonjwa, "Mkuu wa idara."

Chai ilitulia.

"Heli."

Chai ilitulia.

Akamtaja yule mume wa zamani kwa jina lake kamili na la ukoo. Chai ilitulia kama ya kwenye picha.

"Fundi Shaba," alisema mama.

Chai ikatetemeka, ikapanda ukingoni mwa kikombe, ikamwagika kwenye kisahani. Bi Sifuri aliinama chini ya meza. Mguu wake wa kulia, bila ruhusa yake, ulikuwa ukitetemeka haraka kama sindano ya cherehani, goti limegusa ubao wa meza. Aliushika kwa mikono miwili, ukatulia. Mama akarudia jina. Ukaanza upya.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na huyu alikuwa ameuvua ulimwengu mzima nguo kabla ya kutazama goti lake mwenyewe. Kiti chake kilikuwa juu ya jukwaa la chuma. Nyaya za kidude zilipita kwenye jukwaa hilohilo. Mguu unatetemeka, jukwaa linatetemeka, nyaya zinasuguana, kidude kinapata joto. Kila kitu kilieleweka, na kadiri kilivyoeleweka ndivyo masikio yake yalivyopata moto.

Mama alipangusa kisahani bila haraka. Alimkumbusha kwamba alipokuwa na miaka tisa aliangusha redio ya baba yake ikapasuka, akaificha kabatini, na kwa siku tatu hapakuliwa chakula kwenye meza ile bila vijiko kulia. Siku ya nne akasema kweli, na mguu ukatulia papo hapo, hata kabla ya kuchapwa. "Mguu wako huo haujui kutunza siri," alisema mama. "Hautulii mpaka kilichomo kitoke mdomoni. Na mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Mwanamume amekuletea pete arobaini, wewe unazitia kwenye kopo."

Bi Sifuri alitaka kubisha. Badala yake alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mama, aliyekuwa amejikaza kisabuni tangu mwanzo, akacheka naye.

Asubuhi ya Alhamisi alifanya jambo ambalo mwanasayansi yeyote angefanya. Alikaa kwenye kiti, akakishusha kidude mpaka mia moja na kumi, kisha, kwa makusudi kabisa, akamfikiria Fundi Shaba ameshika suruali. Mia moja na tisini. Akafikiria heli. Mia moja na kumi. Akafikiria tu mikono ya Fundi, bila sehemu nyingine yoyote ya Fundi. Mia moja na sabini na tano. Alirudia jaribio mara tano, kwa sababu jaribio la mara moja si jaribio, na mara zote tano alitabasamu kama aliyepewa nyumba.

Furaha ni furaha, lakini heli ilikuwa inakwisha. Alisimama badala ya kukaa: kisigino kikapiga jukwaa. Alifunga mguu kwenye kiti kwa mtandio: kiti kikatetemeka pamoja naye. Angetoka jukwaani angekuwa mbali na kizungushio cha volti, na volti zilihitaji mkono wake kila mara, zikae chini kidogo tu ya kizingiti. Alijaribu kutomfikiria Fundi. Ajuaye dawa ya kutofikiria kitu na aiseme, maana yeye hakuipata.

Ilipofika saa tano, Bi Mkubwa naye akaleta yake. Kwenye bomba la heli kulikuwa na valvu iliyofunguliwa kwa mpini mdogo, kiasi cha unywele tu kila dakika chache. Heli ikizidi, joto, ikipungua, joto vilevile. Bi Sifuri alishika mpini ule ulioshikwa kwa miaka mingi, ukamkatikia mkononi. Kilichobaki kwenye valvu kilikuwa kijichuma kifupi kuliko punje ya mahindi. Kukizungusha kwa koleo bila kukitikisa, katika jengo lile lote, aliweza mtu mmoja tu.

Alivuka korido. Karakana ilikuwa kimya, mashine ya kukereza imezimwa. Fundi Shaba alikuwa ameketi mbele yake na vipande vya shaba vimepangwa kwa ukubwa, hakuna alichokuwa akifanya navyo. Bi Sifuri alimwomba radhi kwa lile tangazo. Akamwambia ameliondoa. Akamweleza kuhusu mpini, na kwamba heli iliyobaki ni ya saa moja na nusu.

"Na mita, Mwalimu?" aliuliza Fundi. "Mita hainitaki."

"Mita haina ugomvi na wewe. Njoo."

Akaja, na viatu alivivulia mlangoni bila kuambiwa. Alichuchumaa kando ya Bi Mkubwa, akashika kile kijichuma kwa koleo, akazungusha kiasi ambacho hakuna jicho lingeona. Mkoromo wa pampu ukabadilika, ukawa laini. Mikono yake ilikuwa imetulia tuli. Alikuwa ameigusa mashine yenyewe, mwili mzima, na haikuhisi kitu. Hatua tatu kutoka kwake mwanamke aliyeketi kwenye kiti alikuwa akilitikisa jukwaa lote.

Mia mbili na sitini, ilisema mita. Fundi aliitazama kalamu, kisha akatazama sakafu.

"Bado ni mimi," alisema polepole. "Mtafute mwingine, Mwalimu. Usipoteze kazi ya miaka saba kwa ajili yangu. Nitamwelekeza jinsi ya kushika."

Bi Sifuri alitazama kipimo cha heli. Saa moja na dakika ishirini. Alitazama kalamu. Alimtazama mtu huyu aliyekuwa tayari kwenda zake pekupeku kwa mara ya pili katika wiki moja, kwa kosa lisilo lake. Aliogopa. Miaka kumi na miwili hakuwa amemwambia mtu yeyote neno la aina hiyo. Mguu ulikuwa unakwenda mbio.

"Si wewe, Fundi," alisema. "Ni mguu wangu. Ukiingia unatetemeka, ukipita nje unatetemeka, pete ikiingia chini ya mlango unatetemeka. Nakupenda. Nafikiri tangu pete ya nne au ya tano, ila nimejua jana jikoni. Sasa nimesema. Usiachie hilo koleo."

Fundi Shaba hakuliachia.

"Bi Mkubwa hakuhitaji hata pete moja," alisema mwishowe. "Skrubu zake zilikuwa sawa tangu mwaka juzi. Nilikuwa sijui kitu kingine cha kukuletea."

Bi Sifuri alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba chumba kimenyamaza. Kilichonyamaza ni kile kigongogongo cha chini chini ambacho alikuwa amekizoea mpaka hakukisikia tena. Alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala pale ulipo, mzito, mtulivu, kama mguu wa mtu mwingine mwenye akili zake. Kalamu ilikuwa inashuka. Mia mbili. Mia moja na hamsini. Mia moja na ishirini. Aliongeza volti kidogo, akasubiri, akaongeza tena. Mia moja na nne. Mia. Tisini na sita.

"Saa ngapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Saa sita kasoro robo."

"Basi mpaka saa saba kasoro robo."

Hapo ndipo wote wawili walipoielewa hali yao. Walikuwa wameambiana jambo kubwa kuliko yote, wako hatua tatu tu, na yeye hawezi kuachia kizungushio, naye hawezi kuachia koleo, kwa saa nzima. Kusogea hapana, kucheka hapana, kwa sababu kicheko kilipandisha joto alama mbili. Ilibidi wacheke kwa macho. Fundi alianza kusema kwa sauti ya chini, ile ya kusomea mtoto, kwamba anaishi na paka wawili, kwamba hajui kupika wali usishikane, kwamba alijifunza kazi kwa mjomba wake ambaye hakuwahi kumsifu. Bi Sifuri alisema anakoroma. Fundi alisema amezoea, siku zote yuko karibu na Bi Mkubwa. Alama zikapanda tatu, ikabidi wanyamaze wote, midomo imebanwa.

Dakika ya arobaini mkuu wa idara aliingia kuona mambo yanaendaje. Alikuta mita inasoma tisini na nne, fundi wa karakana amechuchumaa pekupeku, na mtafiti wake mwandamizi anang'aa kama taa. Alifungua mdomo kuuliza. Wote wawili walimkazia macho. Mkuu alikuwa na busara zake. Alivua viatu, akavishika mkononi, akasimama ukutani kwa soksi, mojawapo ina tundu, akabaki hapo mpaka mwisho bila kujua ni kwa nini naye anatabasamu.

Saa saba kasoro robo ikafika. Bi Sifuri akaongeza dakika mbili, kwa uaminifu. Kisha akasema, "Achia."

Kalamu iliruka mpaka mwisho wa karatasi, ikachora mlima ambao mashine ile haikuwahi kuuchora tangu inunuliwe. Mkuu aligeuka ukutani akavaa viatu kwa utaratibu mkubwa sana. Baadaye, alipokuwa anatia sahihi kwamba mashine ibaki, aliuweka kidole kwenye ule mlima akauliza ni nini. Bi Sifuri alisema waendeshaji waliondoka kwenye nafasi zao. Mkuu akaandika hivyohivyo.

Jumapili Fundi Shaba alialikwa nyumbani. Alikuja na shati lililopigwa pasi na mkanda wenye bizimu lilelile. Mama alikuwa ameikunjua ile karatasi mezani, ameusoma mstari wote wa saa moja kwa miwani yake, kama alivyokuwa akisoma chati ya homa, na kuridhika. Aliukunja mlima kwa heshima, akamimina chai vikombe vitatu, wakaketi.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mama aliuliza habari za paka, akaulizwa habari za hospitali. Kisha mama akawa amefikia jambo lake. Aliegemea mbele, akatazama vikombe, akasema taratibu, "Fundi Shaba."

"Naam, mama," alisema Fundi.

Chai ikatetemeka vikombe vyote vitatu mpaka visahani vikalia. Bi Sifuri alijitazama kwa mshangao, maana hakusikia kitu gotini. Mama akainua kitambaa cha meza, akainama, akachungulia. Mguu wa binti yake ulikuwa umetulia tuli. Uliokuwa ukitetemeka ni mwingine, wenye kiatu cha kiume kilichopakwa dawa asubuhi ile, mguu wa mtu ambaye mikono yake haikuwahi kutikisika hata akishika unywele.

Mama alijiinua, akashusha kitambaa, akavuta kikombe chake karibu kisimwagike.

"Haya, baba," alimwambia. "Sema."